Inanga ya Mzee na Umeme wa Mashine ya Kusaga

Saa moja na dakika kumi jioni, siku ya Jumapili, niliwasha tepu rekoda yangu ndani ya ghala la kijiji, na wimbo wa kijana aliyekuwa ng'ambo ukaanza kutoka. Wimbo haujafika katikati, baba yake alisimama, akashika fimbo yake na kutangaza mbele ya watu kwamba anauza inanga.

Nieleze kwanza mashine ile ilifikaje pale.

Nilikuwa afisa ushirika katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Murukulazo, wilaya ya Ngara. Kwetu ni Kaniha, Biharamulo, kwa hiyo nilikuwa mgeni wa karibu: Kihangaza chao nilikielewa kwa sehemu, na mahali kiliponishinda tulikutana kwenye Kiswahili. Kabla ya kupangiwa kijiji kile nilipelekwa Kanada kwa miezi tisa kusomea ushirika. Wenzangu walirudi na makoti. Mimi nilirudi na tepu rekoda ya mikanda, iliyokwisha kutumika, niliyouziwa na mwanafunzi aliyekuwa akihama bweni.

Nilijua kwamba umeme wa kule ni volti mia na kumi na kitu, na wetu ni mia mbili thelathini. Mambo ya redio nilijifunza mwenyewe, kwa masomo ya posta, nikijibu maswali kwenye meza ya ofisi baada ya saa za kazi. Isitoshe, niliwahi kuona kilichompata ofisa mmoja pale Biharamulo aliyerudi na gramafoni kutoka Marekani. Aliwaalika watu, akachomeka waya ukutani, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha chumba kizima kilinuka kama nywele zilizoungua. Mimi sikutaka yanipate hayo. Nilipopita Mwanza nilinunua transfoma ya kushusha volti, nzito kama tofali, nikaibeba mapajani ndani ya basi hadi nyumbani. Nilikuwa na hakika kwamba sijasahau kitu.

Kijana aliyeimba nilikutana naye kule kule Kanada. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Burundi waliopewa ardhi Murukulazo, na yeye alikulia hapo kabla ya kupata nafasi ya masomo. Baba yake alikuwa mpigaji wa inanga. Asiyeijua inanga afikirie ubao mpana uliochongwa ukawa kama sinia refu, na uzi mmoja uliopitishwa juu yake mara nane kwenda na kurudi, kila mkondo na sauti yake. Mpigaji haimbi kwa sauti. Ananong'ona. Nyuzi zinabeba wimbo, naye anapuliza maneno juu yake, na msikilizaji anaapa kwamba ni nyuzi zinazosema. Kijana yule alijichongea inanga kwa mbao za kreti la matufaha, akaitia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Jioni moja alikuja chumbani kwangu, akaniomba nirekodi.

"Mpelekee mzee," aliniambia. "Hakusema atanipa inanga yake. Alisema atanisikia kwanza."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Inanga ya baba haigawanywi kama shamba. Inakwenda kwa mtoto ambaye baba amemsikia akipiga na kuridhika naye. Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na vidole vyake mwenyewe vilikwisha kupinda kwa baridi yabisi. Inanga ilining'inia ukutani juu ya kitanda chake, na mzee alikuwa akisema kwamba ubao usioguswa huliwa na dudu. Bwana mmoja aliyepita Rusumo akitafuta vitu vya kale vya kuwauzia Wazungu aliiona, akatoa ahadi ya shilingi mia tatu, fedha za kununulia mabati ya paa lao. Mzee alimjibu arudi Jumamosi.

Jumapili ile kamati ya kijiji ilikutana ghalani kupanga michango ya chakula kwa askari, maana vita vilikuwa vimeanza upande wa kaskazini. Jenereta ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini ya mashine ya kusaga iliwashwa kwa ajili ya taa. Kikao kilipoisha nilimwomba mwenyekiti robo saa ya umeme uliobaki. Mzee alikuja na mkewe, wakakaa kwenye magunia ya mbele.

Mkanda ulianza na sauti yangu mwenyewe, kwa kuwa kule nilikuwa nimetanguliza maneno mawili ya kumjulisha kijana. Ilitoka nzito, ikikokota miguu.

"Ni nani huyo anayenguruma?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Ni mimi. Siku ile nilikuwa na mafua."

"Mafua gani ya kumgeuza mtu fahali!"

Walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu mafua nilikuwa nayo kweli. Kisha nyuzi zikaanza. Mzee aliinamisha kichwa. Mkewe alifumba macho. Mimi niliwatazama wao zaidi ya mashine, ndiyo maana niliona mdomo wa mzee ukibana taratibu, kama wa mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

"Zima," alisema.

"Haujafika nusu, mzee."

"Zima, mwanangu. Nimesikia." Alishika fimbo. "Nyuzi zimelegea. Mtu akilegeza uzi mmoja tunasema bahati mbaya. Huyu amelegeza zote nane. Huo ni uvivu. Na mkono wake umekuwa mzito kama wa mtu aliyelala kilabuni. Inanga nauza."

"Labda ni mashine," mkewe alisema.

"Basi tuipime mashine," nilijibu haraka, nikiona mlango umefunguka. Nilitia mkanda mtupu, nikampa bibi huyo kipaza sauti aseme chochote.

Bibi alikikodolea macho, akakohoa, akasema kwa sauti kubwa: "Mimi nasema huyu mzee ana kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia."

Niliurudisha mkanda. Sauti ya bibi ilitoka vilevile ilivyoingia, haikupungua wala kuongezeka, hadi kile kikohozi. Ghala lilivuma kwa vicheko. Mzee peke yake hakucheka.

"Mmesikia?" alisema. "Mashine haina kosa. Imemtoa huyu mama alivyo, pamoja na ubaya wake wote. Aliyelegea ni mtoto."

Nilizima mashine. Mimi ndiye niliyechagua kipimo, na kipimo kilimwangusha mteja wangu.

Kijiji chetu kilikuwa kikisaga Jumatatu na Alhamisi tu, kwa sababu dizeli ilikwenda kwanza kwa magari ya jeshi. Kesho yake, Jumatatu, nilikwenda kwenye mashine kuhakiki mapato, na wakati fundi mashine akitia grisi nikasimama nikiitazama jenereta bila sababu maalum. Ilikuwa na kibati kilichoandikwa volti 230. Chini yake palikuwa na 50, na chini zaidi 1500. Nikajiuliza ile hamsini ni ya nini.

Tepu rekoda yangu nayo ilikuwa na kibati nyuma. Nilikijua kwa moyo: volti 117, na chini yake 60. Miezi yote ile niliisoma ile sitini kuwa ni wati, kwa sababu balbu ya sitini huandikwa hivyo hivyo. Lakini jenereta ile iliwasha taa za ghala zima. Haiwezi kuwa ya wati hamsini.

Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu vyangu vya masomo ya posta. Jibu lilikuwa kwenye sura niliyoipita upesi kwa kuiona rahisi. Umeme wa jenereta hautiririki upande mmoja kama maji ya mfereji. Unakwenda na kurudi, na nchi nyingi zimeamua urudi mara hamsini kwa sekunde, lakini Kanada na Marekani zimeamua sitini. Transfoma hubadilisha volti. Mizunguko, yaani huko kwenda na kurudi, haiigusi kabisa. Na mota ya tepu rekoda kama yangu haifuati volti, inafuata mizunguko. Kwa hiyo pale ambapo kule ilizunguka mara sita, ghalani kwetu ilizunguka mara tano. Kila kitu kilichorekodiwa Kanada kilitoka kizito na cha chini: nyuzi zote nane kwa pamoja, na mafua yangu pia.

Ilibaki sauti ya bibi. Mbona yeye alitoka sawa? Hilo lilinichukua hadi chakula cha jioni, na nilipolipata nilicheka peke yangu na kijiko mkononi.

Asubuhi yake nilimkuta mzee migombani akikata majani makavu, mkewe akiokota.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya mtoto, sauti yake nimekwisha kuisikia."

"Nimekuja kwa habari ya debe."

Alisimamisha panga. Nilimwambia: "Tuseme nina debe lililobonyea, halijazi sawasawa. Nikipima mahindi yako kwa debe hilo nikayaweka ghalani, halafu nikakurudishia kwa debe lilo hilo, utajua kwamba ni bovu?"

"Nitajuaje? Umechukua madebe kumi, umerudisha kumi."

"Ndiyo sauti ya bibi. Iliingia kwa debe bovu na kutoka kwa debe bovu. Sasa tuseme mtoto wako amepima mahindi yake huko aliko kwa debe zima, mimi nayapokea hapa kwa debe lililobonyea. Hesabu itakuwa moja?"

"Haiwezi."

"Umeme wa ghala letu ndio debe lililobonyea kwa mashine ile. Umepungua sehemu moja katika sita."

Bibi alitua mzigo wa majani. "Nilisema. Nilisema ni mashine."

"Wewe ulisema nina kichwa kigumu," mzee alimjibu. Kisha akanigeukia. "Maneno yako yanakaa vizuri. Lakini hata mwizi huwa na maneno yanayokaa vizuri. Niletee debe zima, nitasikia tena. Na ujue Jumamosi haisogei."

Mwenyekiti alinipokea bila furaha. "Ndugu, dizeli ya kijiji si ya muziki. Ukiniambia niwashe injini kwa ajili ya inanga wakati vijana wako mbele, nitawaambia nini watu?"

"Sitaki uwashe. Alhamisi itawashwa kwa kusaga. Mimi nitachukua umeme wa pembeni huku wanawake wanasaga."

"Kwa kelele zile utasikia nini?"

"Kuna vyombo vya kuvaa masikioni."

Alifikiri kidogo. "Kama hakuna debe la mahindi litakalosimama kwa ajili yako, saga na umeme wako."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya fundi mashine na mimi. Jenereta ilizungushwa kwa mkanda uliotoka kwenye puli ya injini. Puli ikinenepa, jenereta inakwenda kasi zaidi, na mizunguko inapanda. Nilipima mzingo wa puli kwa kamba, nikakunja kamba mara tano, nikaongeza kunjo moja. Huo ndio unene tulioutaka.

"Tutainenepesha kwa nini?" fundi aliuliza.

"Kwa raba ya tairi. Ile ya katambuga."

"Bwana Ushirika, unataka kuivalisha puli viatu?"

"Viatu viwili, kimoja juu ya kingine."

Mshona katambuga wa sokoni alitukatia vipande, fundi akavifunga kwa misumari na waya. Mkanda wa puli ukawa mfupi, tukalegeza bolti za jenereta na kuisogeza karibu. Tulijua kwamba volti nazo zitapanda pamoja na kasi, lakini jenereta ilikuwa na kitasa cha kuzirekebisha, na mita ya kuupima umeme nilikuwa nayo.

Alhamisi foleni ya wanawake ilifika barabarani. Tuliweka tepu rekoda katika chumba cha karani, nyuma ya ukuta wa mashine. Injini iliponguruma niliangalia mita, nikazungusha kitasa hadi mia mbili thelathini, nikavaa vile vyombo na kuwasha. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, nyepesi, inayotokea puani, sauti ya mtu mwenye mafua ya kawaida kabisa. Sikuhitaji kusikia zaidi. Nilirudisha mkanda mwanzo, nikamvalisha mzee. Mkewe alisimama mlangoni, mahali alipoweza kutuona sisi na foleni.

Nyuzi zilipoanza niliona kidole cha shahada cha mzee, kilichopinda, kikigonga goti. Kikagonga tena. Nilikuwa nimeanza kupumua alipokunja uso, akanyanyua mkono na kupiga kelele kama mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe:

"Amelegeza tena!"

Nilitoka mbio. Fundi alikuwa amefungua mdomo wa mashine wote, kwa sababu mama mmoja mwenye haraka alimsihi amalize debe lake. Mahindi yalimiminika kwa wingi, injini ikaelemewa, kasi ikashuka, na mtoto wa watu akazama nayo.

"Fundi, punguza mahindi! Yaende sawasawa, yasizidi wala kupungua!"

"Kwa nini?" yule mama aliuliza. "Mimi nina wageni nyumbani."

Bibi alijibu kabla yangu. "Ukijaza, mwanangu anaimba kama mlevi. Ukipunguza, anaimba kama kifaranga. Mwache aimbe kama mtu."

Habari ilianzia mwanzo wa foleni na kupita hadi mwisho wake: mtoto wa bibi anaimba humo ndani, mahindi yamwagwe taratibu. Sijapata kuona watu wakitii maagizo ya kiufundi namna ile. Mama mwenye haraka alichukua ungo mwenyewe, akasogea kwenye mdomo wa mashine na kumimina mahindi kwa mkondo mwembamba usiokatika, ulimi ukiwa katikati ya meno. Alipochoka, wa pili aliupokea ungo ukiwa bado unamimina ili mkondo usikatike.

"Hapo, hapo! Usitikise!"

"Nimetikisa wapi? Wewe ndiye unayenipumulia!"

"Akikosea uzi tutajua ni debe la nani!"

Nilirudi chumbani. Mzee alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyesikia wimbo isipokuwa yeye, maana hata mimi nilisikia injini tu. Lakini midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa ananong'ona pamoja na mtoto, na mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, vidole vikitafuta nyuzi kwenye kitambaa cha suruali. Mkewe alimtazama mdomoni, na kwa kumtazama akaanza kunong'ona yeye pia. Baadaye aliniambia kwamba aliufuata wimbo mzima namna hiyo, na kwamba hakukosa neno.

Mkanda ulipoisha mzee alifumbua macho. Kisha akavivua vile vyombo, akavishika mkononi kama mtu anayepima uzito wa yai.

"Uzi wa sita umelegea," alisema.

Niliitupia macho mita. "Mzee, labda umeme bado…"

"Acha umeme wako. Nyuzi saba ziko sawa, mmoja hauko sawa. Umeme unajuaje kuchagua uzi mmoja?" Na hapo alitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumapili. "Ni kosa lake lile lile la tangu utotoni. Nilimpigia kelele miaka mitatu kwa uzi huo wa sita. Ni yeye. Mwandikie aukaze. Na mwambie uzi wa samaki si uzi wa inanga. Akija atakuta wa kwake ukutani, kwenye inanga yake."

Nje, fundi alikuwa anamaliza debe la mwisho la mama mwenye haraka. Bibi alitoka akawaambia wanawake kitu kwa Kirundi, na foleni nzima ikapiga vigelegele. Mwenyekiti alifika kuuliza kuna nini, akakuta mahindi yote yamesagwa, hakuna debe lililosimama. Unga wa siku ile, walisema wenyewe, ulikuwa laini kuliko wa siku zote.

Jumamosi yule bwana wa vitu vya kale alirudi kutoka Rusumo kama alivyoahidi. Nilikuwa pale, nimekuja kuchukua maneno ya barua. Alipoambiwa inanga haiuzwi tena alidhani ni ujanja wa bei, akapandisha hadi mia tatu na hamsini, akazihesabu juu ya kigoda.

"Mzee, na mabati?" mkewe alisema, akimchokoza.

"Mvua bado iko mbali."

"Iko mbali! Tangu juzi tunalala na sufuria kitandani."

"Basi sufuria nayo inapiga muziki. Isikilize."

Yule bwana alikusanya noti zake na kuondoka. Mzee aliishusha inanga, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akakaza uzi wa sita ambao haukuwa umelegea, kisha akairudisha ukutani mbali kidogo na mahali pale bati la zamani lilipokuwa likivuja. Nilimaliza barua. Jioni niliporudi kwangu nilifanya hesabu, kama kawaida yangu. Raba, misumari na waya viligharimu shilingi nane, nilizotoa mfukoni. Mzee aliziacha mia tatu na hamsini ziende na mwenyewe. Jumla ya hasara, yangu na yake: shilingi mia tatu hamsini na nane.